Mlinzi Akibadilika: Funzo la Vyeti vya Dawa Goma

Usiku wa tarehe 28 Februari 2025, mwezi mmoja baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Goma, mashariki ya Kongo, watu wenye silaha waliingia katika hospitali mbili za mji huo na kuondoka na wagonjwa. Siku chache baadaye Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitaja hesabu: watu 116 kutoka CBCA Ndosho na 15 kutoka Heal Africa. Kwa maelezo ya ofisi hiyo, waliowachukua ni wapiganaji wa M23, nao waliwashuku wagonjwa hao kuwa askari wa serikali au Wazalendo, wanamgambo wanaoiunga mkono serikali.

Aliyelala wodini na jeraha la risasi hana pa kujificha. Bendeji inaonekana, kitanda kinajulikana. Lakini mfikirie yule aliyeruhusiwa wiki moja kabla. Yuko nyumbani Majengo au Katoyi, anamalizia dozi, na kitanda chake kimeshalaliwa na mwingine. Kwa macho haonekani tena. Anabaki kuonekana mahali pamoja tu, kwenye kumbukumbu ya dawa alizopewa: jina, umri, mtaa, namba ya simu, dozi. Yeyote anayetaka kuleta Goma mfumo wa kuhifadhi vyeti vya dawa kwenye kompyuta, na yeyote anayetaka kuutungia kanuni, amfikirie mtu huyo kwanza.

Cheti cha dawa ni karatasi ndogo yenye mdomo mkubwa. Chukua ordonansi yoyote iliyoandikwa kwa haraka, na vifupisho vyake vya Kifaransa, na uisome kama anavyoisoma mfamasia. Ceftriaxone ya sindano, kinga ya pepopunda, tramadol 50 mg 3 x 1, kubadilisha bendeji kila siku ya pili. Neno risasi halimo, lakini limesemwa. Au hii: tenofovir, lamivudine na dolutegravir kwa siku 28, levonorgestrel, azithromycin. Katika Kivu ya Kaskazini, jimbo la Goma, kila muuguzi anaijua. Ni ya mwanamke aliyebakwa na akawahi kufika kituoni ndani ya saa 72. Dawa zilezile tatu zikiandikwa bila kikomo cha siku zinamtaja anayeishi na virusi vya Ukimwi. Dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne, hicho ni kifua kikuu. Daktari anaweza kuacha wazi mahali pa kuandika ugonjwa kwa kumstahi mgonjwa wake. Dozi haistahi mtu.

Ndiyo maana haifai kudai kwamba cheti cha dawa ni jambo dogo kuliko faili la hospitali. Faili lina kurasa nyingi, na nyingine hazisomeki. Cheti ni muhtasari wake.

Kwa nini basi mtu atake kukiweka kwenye kompyuta? Kwa sababu karatasi nayo imewaumiza watu wa Goma, na wanayakumbuka maumivu hayo. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na lava ikasimama pembezoni mwa mji. Siku tano baadaye, alfajiri ya tarehe 27, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma waondoke, maana kulikuwa na hofu kwamba moto ulikuwa unatembea chini ya mji wenyewe. Watu kwa laki walishika njia ya Sake, ya Gisenyi, ya Minova, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu. Waliondoka na watoto, magodoro na masufuria. Ordonansi ya presha au ya sukari ilibaki chini ya mto, au kwenye kabati la kituo cha afya ambacho muuguzi wake naye alikuwa amekimbia.

Mwenye kuwahi kufanya kazi ya kupokea wakimbizi, tuseme Minova, anayajua mazungumzo yanayofuata.

“Mama, dawa ya sukari ulikuwa unakunywa gani?”

“Ile ndogo nyeupe, dokta. Asubuhi moja, mangaribi moja.”

“Jina lake hulikumbuki?”

“Jina liko kwenye karatasi. Karatasi iko Goma.”

Vidonge vidogo vyeupe ni vingi. Kimoja kinashusha sukari polepole, kingine kinaishusha kwa nguvu hadi mtu asiyekula tangu jana anaweza kuzimia. Muuguzi anabaki kukisia. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na afya ya mtu ni mali. Kama kumbukumbu ya mama yule ingekuwa mahali inapoweza kufunguliwa Minova, asingerudishwa kwenye kubahatisha.

Tena si ndoto. Kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta mwaka 2001, na kutokana na kazi iliyofanyika huko ulizaliwa mfumo wa OpenMRS, ambao haumilikiwi na mfanyabiashara yeyote na ulipelekwa mapema sana Rwinkwavu, mashariki ya Rwanda. Vituo vya kijijini viliuweza. Hata Kongo takwimu za zoni za afya zimekuwa zikipelekwa Kinshasa kwa mfumo wa DHIS2. Lakini DHIS2 hupeleka hesabu: wagonjwa wangapi wa malaria, watoto wangapi wamechanjwa. Cheti cha dawa hupeleka mtu, na hapo ndipo kanuni zinapotakiwa kuwa za aina nyingine.

Sasa turudi Januari 2025, maana mwezi huo una somo ambalo halimo katika kitabu chochote cha mafunzo ya kompyuta. Tarehe 20, huko Washington, rais mpya wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje. Marekani ndiyo iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu Kongo, na miradi mingi ya Ukimwi na ya takwimu za afya iliegemea fedha hizo. Tarehe 27, M23 wakaingia Goma. Utawala wa jimbo ukahamia Beni. Yaani katika juma moja mwenye sheria aliondoka mjini na mwenye kulipia mitambo akafunga mkoba. Mfumo wowote ambao kanuni zake zinasema “Wizara itasimamia” na “mradi utagharamia” ungekuwa umebaki bila wote wawili kabla ya juma kwisha.

Kuna chumba kimoja kilichoonyesha hatari hiyo kwa uwazi kuliko vyote. Taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB, ina maabara Goma, iliyofunguliwa wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, ule ulioua zaidi ya watu 2,200. Ndani ya majokofu yake kulikuwa na sampuli za virusi, Ebola ikiwemo. Mapigano yalipofika mjini, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitoa hadharani wasiwasi wake: umeme ukikatika, au maabara ikivamiwa, sampuli hizo zitakuwaje? Walioziweka hawakuwa wazembe. Walikuwa wameweka kitu cha hatari mahali pazuri, kwa kanuni nzuri, wakitegemea kwamba umeme, mlinzi na serikali vitaendelea kuwepo. Kumbukumbu za dawa nazo huhifadhiwa kwa tegemeo hilohilo, ila zikivuja hazinuki wala haziambukizi, kwa hiyo hakuna anayetoa tangazo.

Sheria zipo. Kanuni ya Adhabu ya Kongo ya mwaka 1940, kifungu cha 73, inamwadhibu mtu anayetoa siri aliyoaminiwa kwa sababu ya kazi yake. Sheria ya Julai 2008 inawalinda wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Desemba 2018 ilitungwa sheria ya misingi ya afya ya umma. Tarehe 13 Machi 2023 Rais alitia saini Kanuni ya Dijitali, ambayo inaitambua hati ya kielektroniki na saini yake, inaziweka data za afya katika kundi la kulindwa kwa namna ya pekee, na inataka iwepo mamlaka ya kulinda data. Upande wa dawa zenyewe kuna ACOREP, mamlaka ya udhibiti wa dawa. Majirani nao wamejipanga kwa sheria za kulinda data: Uganda na Kenya tangu 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022, na Kenya ikaongeza sheria mahsusi ya afya ya kidijitali Oktoba 2023.

Ukizisoma sheria hizi kwa pamoja utaona zinafanana katika jambo moja. Zote zinamtaja mtunzaji, zinampa masharti, kisha zinamtisha: ukivunja, faini, ukivunja, jela. Tishio hilo lina maana pale penye mwendesha mashtaka, hakimu na gereza. Usiku mlinzi anapobadilika, tishio linaondoka pamoja na aliyekuwa na uwezo wa kulitekeleza. Kinachobaki ni mashine ilivyotengenezwa. Kama ilitengenezwa ifunguke kwa neno la siri lililobandikwa ukutani karibu na meza ya muuguzi, itafunguka kwa yeyote anayejua kusoma.

Wengine hujibu haraka: basi data zisiwekwe Goma, zipelekwe mbali. Wengine hujibu kinyume: data za wananchi zisitoke nchini. Sheria ya Rwanda, kwa mfano, inataka data binafsi zihifadhiwe Rwanda isipokuwa kwa kibali. Mkazi wa Goma, ambaye anaweza kuandikiwa dawa Katindo asubuhi na kuinunua Gisenyi, upande wa Rwanda, mchana baada ya kuvuka mpaka wa Petite Barrière, anaishi katikati ya majibu hayo mawili, na yote mawili yamewahi kuumbuka.

Mbali si salama kwa kuwa ni mbali. Januari 2022 Msalaba Mwekundu wenyewe ulitangaza kwamba wadukuzi waliingia kwenye kompyuta zilizohifadhi habari za watu zaidi ya 515,000. Hao walikuwa watu waliopotezana na familia zao kwa vita na majanga, waliotoweka, na waliofungwa. Habari hizo zilikuwa zimekusanywa na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu 60 na ushei, na kompyuta zenyewe zilikuwa Uswisi, si Kivu. Wakatangaza wazi, wakafunga mfumo, wakaomba waliozichukua wasiziuze wala kuzitumia. Ni shirika lenye uzoefu wa kutunza siri za vita kuliko karibu yeyote duniani.

Na mwenye kukupa hifadhi bure, muulize analipwa na nani. San Francisco kulikuwa na kampuni iitwayo Practice Fusion. Iliwagawia madaktari wa Marekani programu ya kuhifadhi kumbukumbu na kuandika vyeti vya dawa bila malipo, ikijipatia fedha kwa matangazo. Programu hiyo ilikuwa na idhini ya serikali. Januari 2020 kampuni ilikiri na kukubali kulipa dola milioni 145. Ilikuwa imepokea hongo ya karibu dola milioni moja kutoka kwa kampuni ya dawa za maumivu za jamii ya afyuni, na badala yake ikaweka ndani ya programu ukumbusho uliomsukuma daktari kuziandika. Ukumbusho huo ulijitokeza mbele ya madaktari zaidi ya mara milioni 230 kati ya 2016 na 2019, katika nchi iliyokuwa tayari inazika watu kwa dawa hizo. Daktari alidhani anashauriwa na sayansi, kumbe anashauriwa na muuzaji. Muhuri wa serikali ulikuwepo muda wote huo, kwa sababu aliyeupiga aliangalia programu inaweza kufanya nini, hakuangalia inafanyia nani kazi.

Goma imezoea vitu vya bure. Gari la wagonjwa la bure, hema la bure, kompyuta za bure zenye nembo mbili ubavuni. Kukataa si rahisi, na mara nyingi si busara. Ila mfumo wa bure wa vyeti vya dawa huacha maswali matatu mezani: ni nani anayeweza kuusoma kutoka nje, nani atakayeulipia mradi ukifungwa, na kituo kitatoka vipi na kumbukumbu zake siku hiyo. Mkataba usiojibu maswali hayo kwa maandishi usitiwe saini na daktari mkuu wa zoni, hata kama nembo zake ni nzuri.

Funzo la kwanza kwa watunga kanuni ni kwamba kisichoandikwa hakiibiwi. Mfumo wa vyeti unahitaji kujua dawa, dozi, siku, uzito, mzio na namba ya mgonjwa. Hauhitaji kabila, dini, jina la chifu wala kazi ya baba. Jirani ya Goma kuna mfano ambao hauhitaji kuelezwa sana: mstari mmoja kwenye kitambulisho, ulioletwa na utawala wa Wabelgiji miaka ya 1930 kwa ajili ya hesabu zao, ndio uliokuwa ukisomwa kwenye vizuizi vya barabarani Rwanda mwaka 1994. Aliyeuchora mstari huo hakuwepo ulipotumika. Kila nafasi ya kujaza katika fomu ya kompyuta inastahili kuulizwa: huyu mgonjwa atapona vizuri zaidi tukijua hili? Kama jibu ni hapana, ifutwe.

La pili, jina lisilale chumba kimoja na dawa. Orodha ya majina na namba ikae kwa mkuu wa kituo. Orodha ya namba na dozi ikae kwenye mfumo. Zote zifungwe kwa usimbaji fiche, na ufunguo usikae kwenye mashine ileile. Hili si jambo la anasa. Vituo vya Ukimwi vimekuwa vikitumia namba za siri kwa miaka mingi, na wahudumu wanaliweza.

La tatu, mgonjwa apewe chake. Karatasi ndogo iliyochapwa, yenye namba yake na majina ya dawa yaliyoandikwa kwa herufi zinazosomeka, au alama ya kusomwa kwa simu kwa anayetaka. Mwaka 2021 karatasi hiyo, ikiwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kitenge, ingemsaidia mama wa Minova kuliko kompyuta yoyote iliyokosa umeme. Mwenye karatasi ana hatari yake pia, kwa hiyo achague mwenyewe kama aichukue au aiache. Kumwamulia si kumlinda.

La nne, kila anayefungua kumbukumbu aache jina lake, na mgonjwa awe na haki ya kuuliza nani kaifungua. Wengi wanaovujisha siri si wadukuzi wa mbali. Ni shemeji anayefanya kazi mapokezi, au jirani aliyeombwa “aangalie tu”. Mtaa ukishajua kwamba kompyuta ya kituo inasema, watu watatoa majina ya uongo, au hawatakuja kabisa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kanuni mbovu ya kumbukumbu ndiyo inayomfundisha mtu kuficha. Mwanamke anayehesabu saa 72 zake hana muda wa kupima kama mfumo unaaminika. Akisita siku moja, dawa za siku 28 zinaweza kuwa zimechelewa.

La tano ndilo ambalo Goma inaweza kuifundisha Kinshasa, Nairobi na Dodoma. Mji huu una kituo cha kuchunguza volkano, OVG, ambacho hutangaza hali ya hatari kwa rangi: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Mkazi wa Goma hahitaji kuelezwa kwamba njano inataka utulivu wenye macho na nyekundu inataka miguu. Hifadhi ya vyeti vya dawa nayo ipewe rangi zake ndani ya kanuni, kwa majina ya watu na kwa saa. Ikifika njano, kila mgonjwa wa dawa za kudumu achapiwe karatasi yake na aongezewe dozi ya miezi kadhaa. Ikifika chungwa, nakala iliyofungwa ipelekwe kwenye kituo kingine kilichotajwa mapema, na orodha ya majina iondolewe jengoni. Ikifika nyekundu, mtu mmoja aliyeandikwa jina, na mwingine wa akiba, wawe na mamlaka ya kufuta kilichobaki kwenye mashine bila kusubiri simu ya Kinshasa, na bila kushtakiwa kesho yake kwa kuharibu mali ya mradi.

Na rangi hizo zifanyiwe mazoezi. Mara moja kwa mwaka mkaguzi afike kituoni bila taarifa, azime umeme, akate intaneti, kisha adai mambo mawili. Kwanza, mgonjwa wa sukari aliye mbele yake apewe dozi sahihi kabla ya mchana. Pili, yeye mkaguzi apewe kompyuta ya kituo kwa saa moja na ajaribu kupata jina la mtu yeyote aliyetibiwa jeraha la risasi. Kituo kikishindwa jaribio la kwanza, kisaidiwe. Mfumo ukishindwa la pili, unyang'anywe kibali siku hiyohiyo, hata kama umegharimu fedha nyingi na umezinduliwa na waziri.